Dozi ya Msiba wa Mzee Nathanaeli

Mzee Nathanaeli Nzunda wa Itaka alifariki Jumatatu saa tatu asubuhi, na kufikia saa nne dada yake, Shangazi Atupele, alikuwa ameshamkasirikia. Kisa ni agizo. Wiki moja kabla, akiwa na akili zake timamu, Mzee alimwita mwanawe Gibson mbele ya Mzee Rubeni wa kanisa, akasema: "Nikifa, nilieni wote kwa mara moja mmalize. Ruti asikose zamu yake ya mashine. Gibson, hilo nakuachia wewe."

Ruti ni mdogo wake Gibson, na kazi yake ilikuwa imewachosha watu wa Itaka kuielewa. Daktari si daktari, maana hajawahi kumtibu mtu. Hulea seli za saratani kwenye visahani, huzipiga mionzi, kisha huhesabu zilizobaki hai. Wanawake wa kwaya walisema binti wa Nathanaeli anafuga saratani kama wenzake wanavyofuga kuku.

Baba yake peke yake ndiye aliyeielewa, au alijifanya kuielewa kwa sauti kubwa. Ruti alikuwa akichunguza mionzi ya kasi, ile ambayo dozi nzima hutolewa ndani ya muda usiofika sekunde moja. Kwa wanyama wa majaribio, nyama nzima iliyozunguka uvimbe ilionekana kuumia kidogo kuliko kwa njia ya kawaida. Kwa nini iwe hivyo, hakuna aliyejua kwa hakika, na huko kutokujua ndiko kulikompa Ruti kazi. Mashine yenyewe ilikuwa Ujerumani, na watafiti waliipanga foleni. Ruti alikuwa amesubiri miezi kumi na moja kupata siku moja, Jumamosi ya wiki ile ile. Akiikosa angesubiri mwaka mwingine, na mkataba wake ulikuwa unaisha Desemba. Kurudi Itaka bila matokeo maana yake ni kurudi kabisa.

Kwa hiyo alipaswa kupanda ndege Alhamisi asubuhi pale uwanja wa Songwe. Mazishi yalipangwa Jumatano, lakini tanga lingeanuliwa Jumapili, na binti wa marehemu hatoki kwenye mkeka kabla ya hapo. Mlinzi wa mkeka huo alikuwa Shangazi Atupele.

Jumatano, walipotoka makaburini na watu kunawa mikono, Gibson alisimama uani akalitoa agizo la baba yake. Alilitoa vibaya. Alikuwa mkulima wa kahawa, hakuzoea kuhutubia, na alipofika kwenye nyama nzima na nyama yenye uvimbe waombolezaji walidhani anatangaza chakula. Wawili wakainuka na sahani.

Shangazi Atupele alimwacha amalize, kisha akamjibu kama mtu aliyesomea. Na kwa kiasi fulani alikuwa amesomea. Kaka yake alipotibiwa saratani Dar es Salaam kwa mionzi ya njia ya kawaida, wiki sita, Jumatatu hadi Ijumaa, yeye ndiye aliyekaa naye kwenye benchi siku zote. Alisema wataalamu wa kule walimweleza kwamba dozi hutolewa kidogo kidogo ili mwili upate kupumzika na kujitengeneza. Msiba nao ni vivyo hivyo. Ukimpa mtu msiba wote kwa siku moja unamuunguza.

"Sasa wewe Gibson unataka kutuunguza?" akauliza.

Uani kukagawanyika. Wanaume wengi walikuwa upande wa kasi, kwa kuwa kahawa ilikuwa imeiva na inadondoka. Wanawake walikuwa upande wa kidogo kidogo. Mjomba Watson, mfanyabiashara wa Tunduma, alisema "Awe, awe," kama anavyowakatalia wateja wake wa Zambia, lakini hakufafanua anakataa lipi. Mwishowe Mzee Rubeni akasema hakuna haja ya kubishana wakati mtaalamu yupo, akamuuliza Ruti ipi ni bora.

Ruti alikuwa ameketi mkekani, macho mekundu.

"Inategemea," akasema. "Bado hatujui."

Manung'uniko yakapita. Bibi mmoja aliuliza kwa upole kama kweli mtoto amesoma miaka yote hiyo ili aje kusema inategemea.

Gibson aliona Alhamisi inamponyoka. Akapendekeza wajaribu tu, kama Ruti anavyofanya na visahani vyake, na Shangazi aamue mwenyewe baada ya hapo. Shangazi akakubali, kwa kuwa alikuwa na hakika itashindikana. Kukabaki suala la muda. Ruti alitaja sekunde moja, Shangazi akasema kwa sekunde moja mtu hajamaliza hata kufungua mdomo. Walivutana wakafika dakika tatu. Gibson angeshika saa ya simu yake na kuhesabu. Akifika tatu, wote walie. Akiinua mkono, wote wanyamaze.

Mara ya kwanza iliharibika. Mjomba Watson alianza kwenye mbili, kwa sauti nyembamba ambayo hakuna aliyejua anayo, na safu nzima ya nyuma ikaangua kicheko. Mzee Rubeni akaagiza dozi irudiwe. Ruti akajikuta anapinga, kwamba kitaalamu huwezi kumrudia mgonjwa yule yule halafu ukaita ni kipimo kipya. Akaambiwa anyamaze afiwe.

Mara ya pili Gibson alihesabu polepole. Alipofika tatu, watu zaidi ya sitini walilia kwa pamoja. Hakuwahi kusikia kitu kama kile. Mbwa waliingia chini ya kichanja cha kahawa. Mwendesha pikipiki alisimama barabarani, akavua kofia, akalia naye bila kujua amefiwa na nani. Mjomba Watson alipiga magoti. Ruti alijitupa mapajani mwa Shangazi, na Shangazi akamlilia mgongoni, akimtaja kaka yake kwa jina la utotoni ambalo Gibson hakulijua.

Gibson aliinua mkono. Wengine wakanyamaza, Shangazi akaendelea. Akaendelea dakika nyingine nne, na hakuna aliyethubutu kumwonyesha saa. Kisha akapenga kamasi kwa khanga, akatazama huku na huku, akaomba ugali. Tangu Jumatatu hakuwa ameweka kitu mdomoni.

"Imefanya kazi?" Mzee Rubeni akamnong'oneza Ruti.

"Mtu mmoja si ushahidi, mzee wangu."

Shangazi alisikia. Akameza tonge, akamwangalia binti wa kaka yake.

"Basi nenda ukatafute wengine," akasema.

Alhamisi Gibson alimpeleka uwanja wa ndege kwa gari la kukodi. Walipokuwa wanateremsha begi, Ruti akamshika mkono.

"Kaka, wewe hukulia."

"Nilikuwa nashika saa."

"Mara zote mbili?"

"Nani mwingine angeshika? Watson?"

Ruti alicheka, akaanza kulia tena, akaingia ndani akifanya vyote viwili, na askari wa mlangoni akampisha bila kumkagua vizuri kitambulisho.

Jumamosi jioni alituma ujumbe. Mashine ilifanya kazi, visahani vyote vimepigwa, kuhesabu ni baada ya wiki mbili. Gibson aliusoma ujumbe huo kwa Shangazi, na Shangazi akautangaza kwenye kuanua tanga kana kwamba visahani ni vyake.

Siku hizi Shangazi Atupele amerudi kwake Ihanda. Gibson humenya kahawa peke yake. Hulia asubuhi, kidogo, kabla ya kuwasha mashine, Jumatatu hadi Ijumaa.