Mfuko wa Mzee Redio

Jina la Mzee Redio lilikuwa halali yake. Alianza kuongea akifungua macho na kuendelea mpaka usingizi umpokonye neno mdomoni, na mkewe alizeeka akimwomba ayapumzishe mataya. Alipofariki, nyumba ilipoa hadi jokofu likaanza kusikika likinguruma.

Ndugu na majirani walichanga wakaanzisha mfuko kwa jina lake, ili kila mwaka kijana mmoja asiye na shamba apewe posho na kujifunza ufugaji kwenye banda lilelile la marehemu. Mjane alilipokea wazo hilo kwa mikono miwili, ila akaweka sharti: bandani ni kimya, kwa heshima ya marehemu. Hakuna aliyethubutu kumuuliza marehemu na kimya walijuana wapi.

Kijana wa kwanza alikuwa binti aliyetoka saluni, wakamwita Msusi. Alikuwa na vidole vyepesi na moyo wa kazi. Siku ya kwanza alimsalimia ng'ombe kwa bashasha, mjane akamwonyesha kidole mdomoni, na tangu hapo binti akawa anakamua kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. Ng'ombe mwenyewe, jike jeusi lililoitwa Bosi, akabana maziwa. Alipewa pumba nzuri, akaoshwa kiwele kwa maji ya uvuguvugu, mganga wa mifugo akaja akasema mnyama ni mzima kabisa. Ndoo ikaendelea kutoka na maziwa ya kutia chai tu.

Shemeji wa mjane, mdogo wa marehemu, ndiye aliyesimamia mfuko. Hakuwa na roho mbaya, lakini alisema ukweli wake: kijana hawezi kujifunza kukamua ng'ombe asiyetoa maziwa. Angekuja Jumamosi aone kwa macho yake, na kama hali ni hiyo, Msusi na wote watakaomfuata wangepelekwa shamba la ng'ambo ya mto. Mjane alimjibu kwamba mfuko ukiondoka pale, yeye atakuwa amemzika mumewe mara ya pili. Shemeji aliinamisha kichwa, lakini Jumamosi ikabaki Jumamosi.

Siku ilipofika walisimama bandani, Msusi akakaa kukamua. Yakatoka matone. Shemeji akakohoa na kutazama viatu vyake. Binti aliona mambo yameshaharibika, na liwalo na liwe. Akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Bosi, akamsemesha kama mteja anayeumwa na kichana.

"Dada, ngoja nikupe ya mwisho. Saluni kwetu walikuja mabibi harusi wawili, siku moja. Tumewasuka, tumewapamba, wanaagana mlangoni, si wakaonyeshana picha za wachumba?"

Bosi akasogeza sikio. Mjane alishafungua kinywa kukemea, ndipo akasikia maziwa yakipiga ndoo, chwaa, chwaa, sauti ambayo banda lile lilikuwa limeisahau. Ng'ombe huyu alikuwa amelelewa na Mzee Redio tangu ndama. Kabla ya msiba hakuwahi kukamuliwa bila habari.

Msusi akakumbuka sharti, akanyamaza kwa aibu. Maziwa yakapungua papo hapo.

"Usinyamaze, mwanangu," mjane akasema, mwanamke aliyekuwa amenyamazisha watu maisha yake yote. "Ikawaje?"

Ikawa kwamba picha zilikuwa za bwana mmoja, na kisa kikawa kirefu, na povu likapanda ndoo. Shemeji aliegemea nguzo akauliza mara mbili yule bwana alijitetea vipi. Habari za ng'ambo ya mto hakuzigusa tena.

Kisa kilipokwisha, kiwele bado kilikuwa na kitu. Mjane akavuta kigoda cha mumewe, ambacho tangu msiba hakikukaliwa na mtu, akakiweka mbele ya ng'ombe.

"Wewe kamua," akamwambia Msusi. "Sasa ni zamu yangu."

Akamkuna Bosi kwenye paji.

"Mzee wetu amefariki, Bosi. Nisamehe, nimechelewa kukuambia."

Kisha akamsimulia tangu mwanzo, bila haraka, na Msusi akaomba ndoo ya pili.