Bega la Mzee Lengai

Twahira alikuwa ameweka kiganja cha kulia chini ya bapa la bega la Mzee Lengai, na cha kushoto juu ya shingo yake, akisubiri. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe. Mwalimu alikuwa amewaambia wasikande, wasivute, wasisukume. Waweke mkono tu, kisha wausubiri mwili wa mgonjwa uamue wenyewe. Basi Twahira alisubiri kama mtu anavyomsubiri karani aliyetoka kwenda kunywa chai: anajua harudi leo, lakini akiondoka atalaumiwa yeye.

"Unasikia nini, mzee?" aliuliza, kwa kuwa mwongozo ulisema aulize.

"Nasikia mkono wako ni wa baridi."

"Na ndani ya bega?"

"Ndani ya bega kuna bega."

Kitanda cha pili mtu alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Ukumbi ulikuwa ghorofani, Lemara, mjini Arusha, na mchana kutwa ulikuwa wa mafunzo. Wanafunzi wote walikuwa wataalamu wa fiziotherapia, watu waliozoea kunyoosha magoti yaliyovunjika na viuno vya madereva wa magari ya watalii. Sasa walikuwa wakifundishwa kutibu maumivu ya namna nyingine: ya mtu anayeumwa kweli, lakini picha zake ni safi na damu yake ni safi, kwa sababu ni msongo wa mawazo ulioshuka ukajifunga mwilini. Ndivyo alivyosema mwalimu. Twahira alikuwa na maoni yake. Kwake yeye, maumivu yasiyoonekana kwenye picha yalikuwa mgeni aliyefika bila begi: amekuja kula tu.

Hata hivyo alikuja kila siku, na hakuchelewa. Mwenye kliniki anakofanyia kazi alikuwa anafungua chumba kipya kwa wagonjwa wa aina hiyo, na alikuwa amesema wazi kwamba atakayefaulu mafunzo ndiye atakayekiongoza. Waliotumwa ni wawili, yeye na Vaileth. Vaileth alikwisha kufaulu, akabaki kumalizia siku za mafunzo. Twahira alianguka mara ya kwanza, na kesho asubuhi ndiyo ilikuwa mara ya pili na ya mwisho. Mtihani wenyewe ni mmoja: mgonjwa aliyepangiwa mwanafunzi, na wake sasa alikuwa Mzee Lengai, ashushe kile anachokibeba mwilini, ashushe mwenyewe, bila kusukumwa. Mara ya kwanza Twahira alichoka kusubiri, akalibonyeza bega la mama wa watu mpaka likashuka. "Umeliteremsha wewe," mwalimu alimwambia. "Mgonjwa hajashusha kitu."

Akifaulu, mwenye kliniki atachagua kati yao; endapo ataanguka tena, atakuwa chini ya Vaileth. Afadhali angekwenda Olasiti kuwakanda punda, kuliko kumwomba Vaileth ruhusa ya kwenda msibani.

Huyo Vaileth alikuwa kitanda cha tatu, amemshika mgonjwa wake mikono yote miwili. Mgonjwa alikuwa analia, na Vaileth analia. Ilikuwa hivyo tangu juzi. Twahira alijiuliza kama kuna tiba ambayo mganga na mgonjwa wote wanatoka na macho mekundu, na nani basi anabaki kumpeleka mwenzake nyumbani.

Akarudisha macho kwa Mzee Lengai. Alikuwa askari wa hifadhi mstaafu kutoka upande wa Momela, mmoja wa wale waliokuwa wakiwaongoza watalii kwa miguu katikati ya nyati, bunduki begani. Mwembamba, mkavu, shati lake, lililotundikwa kando, limepigwa pasi hadi kola. Bega lake la kushoto lilikaa mahali pake. La kulia lilikuwa juu, karibu na sikio, kana kwamba linasikiliza umbea. Lilimuuma kutwa, maumivu yakipanda shingoni mpaka kichwani, na usiku hakulala. Mkewe ndiye aliyemleta, na alipomwacha mlangoni mzee alimwambia mbele ya watu wote: "Leo tu. Sirudi kwa hawa wapapasaji."

Mwalimu Alykhan akapita kati ya vitanda, amevua viatu, kengele ndogo ya shaba mkononi. Alikuwa mtoto wa mjini, amezaliwa na kukulia Arusha, na dukani kwa baba yake ungemsikia akibishana na wapagazi kwa Kiswahili kitamu kabisa. Lakini mafunzo haya aliyasomea ng'ambo, na Kiswahili chake cha darasani kilitoka kwenye makaratasi. Akasimama, akatazama bega la mzee, akatikisa kichwa kwa huruma.

"Baba," alisema kwa sauti ya kubembeleza mtoto, "jilegeze. Ruhusu bega lilegee. Leo, hapa, una haki ya kuwa mlegevu."

Akagonga kengele.

Mzee Lengai aliinuka taratibu, kama mtu anayeinuka mahakamani.

"Umesema niwe nani?"

"Mlegevu, baba. Yaani mwili..."

"Nimesikia." Aligeuka akamtazama Twahira. "Huyu ni mwalimu wenu?"

"Ndiye," alisema Twahira, na hakuongeza neno la kumtetea.

"Kijana, sisi kazini mtu akiandikiwa barua ya ulegevu lindoni, watoto wake wanahama shule kwa aibu. Mimi nimestaafu sina hata moja. Halafu nimetoka Momela, nimevuliwa shati mbele za watu, ili nije kupewa ulegevu hapa Lemara na mtu mwenye soksi."

"Mzee, ni lugha tu," alisema Alykhan.

"Kengele hiyo ungemfunga mbuzi."

Alianza kuvaa shati. Alifunga vifungo kutoka chini kwenda juu, bila haraka. Twahira aliuona mtihani wake ukifungwa kifungo kwa kifungo. Aliona chumba kipya, aliona Vaileth amekaa ndani yake na sanduku la vitambaa vya kufutia machozi. Mwongozo ulisema mgonjwa akitaka kuondoka aambiwe kwamba hisia zake zina thamani. Twahira hakuona njia ya kuyasema maneno hayo kwa Kiswahili bila kutukanwa. Na kwa kuwa alikuwa na hasira, alisema lililomjia.

"Nenda, mzee. Ila hiyo bunduki iache, mwenyewe ataitafuta."

Mikono ya mzee ikasimama kwenye kifungo.

"Bunduki gani?"

"Hiyo unayotembea nayo. Tangu uingie mlangoni umeinua bega kama mtu anayeogopa mkanda usiteleze. Na hicho kidole gumba, kitazame kilipo."

Mzee akatazama. Kidole gumba chake cha kulia kilikuwa kimejibandika kifuani, chini kidogo ya mtulinga, mahali ambapo mkanda wa bunduki hupita. Alikitoa hapo upesi, kama mtu aliyeshikwa anachokonoa pua. Kisha akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ilishakabidhiwa," alisema.

"Nani aliikabidhi?"

"Parsimei."

Twahira alijivutia kigoda akakaa mbele yake. Hakumfahamu Parsimei, lakini kwa namna jina lilivyotemwa aliona kwamba hata yeye angemdharau.

"Wiki yangu ya mwisho nililazwa, taifodi," mzee alisema. "Wakubwa wakaona tarehe inafika, wakamtuma Parsimei achukue silaha yangu aipeleke ghalani. Alisaini yeye. Parsimei! Mtu anayesafisha mtutu kama anachonga mswaki. Mimi nikatoka hospitali, naambiwa mzee, kila kitu tayari, nenda kapumzike. Nikawauliza, nani alikagua chemba ya risasi? Wakacheka."

"Kwani lazima uwepo?"

"Wewe unaweza kumtuma mtu akakuzalie? Silaha ya mtu anakabidhi mwenyewe, inakaguliwa mbele ya macho yake. Ndipo anakuwa raia."

"Mbona hili hukumwambia daktari?"

"Aliniuliza wapi panauma. Hakuuliza habari za Parsimei."

Twahira aliona jambo zima ni la kipuuzi. Mwanamume mzima, wajukuu nyumbani, amebeba hewa begani kwa sababu ya saini. Lakini bega lilikuwa pale, juu, gumu kama gogo la mpingo, na kesho ilikuwa kesho. Akanyoosha mikono yote miwili, viganja juu.

"Haya. Kabidhi."

Nusu yake ilikuwa dhihaka, na mzee aliijua. Akaitazama ile mikono kama sahani isiyooshwa vizuri.

"Unapokea silaha au unapokea mtoto? Shusha mikono. Mpokeaji kwanza anauliza."

"Anauliza nini?"

"Hali ya silaha."

"Hali ya silaha, mzee?"

"Wewe! Uliza kama mtu aliyelipwa."

"Hali ya silaha?"

Mzee Lengai alinyoosha mgongo. Mkono wake wa kushoto ukapita mbele ya kifua, ukashika kitu, ukakibana, ukakivuta. "Magazini," alisema, akakitoa hicho kikasha cha risasi. Twahira akapokea hewa. Hakujua aiweke wapi, akaiweka juu ya shuka, kando ya mto wa kulalia, akijihisi mjinga kama mtoto anayepika udongo kwenye kifuu. Alishukuru kaka zake hawakuwapo. Watu wa vitanda vingine walikuwa wameinua vichwa, hata Vaileth alikuwa ameacha kulia ili asikie vizuri.

"Chemba," alisema mzee. Akavuta nyuma, akainamisha kichwa kuchungulia. Alichungulia kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama kitu ambacho hakipo. "Tazama na wewe. Usiniamini mimi."

Twahira akainama akatazama.

"Tupu," alisema.

"Tupu," mzee akarudia, akashusha pumzi. Ilitoka ndefu, kavu, kama ya ng'ombe anayelala, na ilipotoka bega lilishuka nayo. Si sana. Upana wa kidole. Lakini hakuna aliyekuwa amelishika. Mikono ya Twahira ilikuwa magotini pake.

Hapo ndipo Mwalimu Alykhan alipojisogeza na kengele yake. "Vizuri sana, baba. Sasa baki na hisia hiyo. Ikaribishe..."

Bega likapanda mpaka sikioni.

"Mwalimu," alisema Twahira bila kugeuka, "nakuomba ukavae viatu."

Alykhan akazitazama soksi zake. "Lakini Twahira, hiki unachofanya hakimo kwenye mwongozo."

"Hata nyati hayumo."

Twahira alitaka kuendelea na mzee, lakini mlango ukafunguliwa na kwaya ikaingia. Jioni ukumbi ulikuwa wao, na hawakuwa watu wa kungoja; walikuja na viti, spika na ngoma mbili, wakisalimiana kwa sauti ya watu waliozoea kusikika nyuma ya kanisa. Wagonjwa wakaanza kutafuta viatu. Mzee Lengai alimalizia kifungo cha juu.

"Bado mkanda na bunduki yenyewe," alisema Twahira haraka. "Tumalize."

"Mbele ya ngoma? Mimi si mcheza sarakasi."

"Basi kesho. Asubuhi. Nakuomba, mzee."

Neno hilo la mwisho lilimtoka kwa shida, na mzee alilipima kabla ya kulipokea.

"Ulikuwa umekaa," alisema. "Silaha haikabidhiwi kwa mtu aliyekaa kwenye kigoda kama anachambua mchicha. Kesho usimame. Na huyu wa soksi asiwepo."

"Yeye ndiye anayenipa mtihani."

"Basi akae kule mlangoni, alinde."

Akaondoka. Twahira alimtazama akishuka ngazi, bega lile lile juu, kidole gumba kimesharudi kifuani. Vaileth alikuja akasimama karibu naye, akamshika mkono.

"Dada, nimeguswa sana."

"Futa kamasi kwanza," alisema Twahira, akautoa mkono wake.

Aliporudi kukunja shuka, mwanamume mmoja wa kwaya alikuwa amebeba ngoma kifuani, anatafuta pa kuiweka, akaelekea kitandani.

"Usiweke hapo."

"Kuna nini?" Alitazama shuka, hakuona kitu.

Twahira naye alitazama, kando ya mto wa kulalia. Alijua kabisa hapakuwa na kitu.

"Kuna kitu cha mtu," alisema. "Anakuja kukimalizia kesho."

Akaiacha shuka bila kuikunja, akaenda kutafuta viatu vyake.