Barua Kumi na Tisa

Bosi wetu alikuwa na upendo kupita kiasi. Kila Jumatatu alitukumbusha kwamba sisi ni familia, na nani amewahi kumdai baba yake malipo ya saa za ziada? Saa kumi na moja jioni tulisaini daftari la kutoka, kisha familia ikarudi ndani kupiga pasi mashuka ya hoteli mpaka yaishe. Nilisaini hivyo miaka mitatu, mjinga mimi.

Aliponifukuza nikaenda kudai saa zangu. Mwamuzi wa migogoro ya kazi, mama mtu mzima mwenye miwani, alinieleza mapema kwamba nisipoleta ushahidi siku ya kusikilizwa, saa hizo zitahesabika kama hazikuwahi kuwepo. Ushahidi ningeutoa wapi? Bosi ndiye aliyekuja nao, kalikumbatia daftari lake kama mtoto mchanga. Saini zangu zote zilikuwemo, saa kumi na moja kamili. Hata mimi ningejiona mwongo.

Mwamuzi akauliza kwa nini nilifukuzwa. Bosi akachangamka. Hakuna kitu alichokipenda duniani kama kuandika barua za onyo, na zangu alikuja nazo zote kumi na tisa, zina tarehe, saa na muhuri, maana ni mtu wa utaratibu. Akazisoma mwenyewe, kwa sauti, ili kila mtu ajue nilivyo mvivu. Nilikutwa nimekaa, saa mbili usiku. Nilikutwa napiga miayo, saa nne kasoro robo usiku. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Hawakusema kwamba wengine huingia na muhuri mkononi.

Mwamuzi hakumkatiza, aliandika tu. Barua ya mwisho ilisema nilikutwa nyuma ya mashine ya kufulia naongea na simu, saa tatu usiku.

"Saa tatu usiku alikuwa kazini?" mwamuzi akauliza.

"Ndiyo, kazini! Na kazi hafanyi."

Kisha bosi akalitazama daftari lake, akalifunga polepole. Nilifurahi, sitadanganya.

Mwamuzi akanigeukia. "Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mwanangu. Alikuwa halali mpaka nimwimbie."

Nikashinda. Saa za kwenye barua zikalipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida, na zile ambazo hazikuandikiwa barua zikakadiriwa kwa mfano wa hizo. Bosi akanipa mkono mlangoni, akasema ndani ya familia watu hugombana. Nikamwambia amsalimie mama.

Tangu nifukuzwe nilikuwa nafua nguo za watu mpaka usiku, lakini jioni ile nilikuwa nyumbani kabla mwanangu hajala. Tukala pamoja, akaoga, akapanda kitandani. Nikakaa pembeni yake nikaanza kumwimbia. Akanisikiliza kidogo, kwa adabu, kama anavyosikilizwa mgeni, halafu akanishika mkono.

"Mama, nenda kapumzike. Mimi siku hizi nalala mwenyewe."