Mdokozi kwa Mwendo wa Pole

Hakuna aliyewahi kukalia dawati la shule akatoka bila kulijua shairi la Mdokozi. Wapo waliosahau hesabu, wapo waliosahau hata sura ya mwalimu wao, lakini waamshe usingizini uwaambie "Nani huyo kabatini," nao watakumalizia macho yakiwa bado yamefumbwa:

Nani huyo kabatini,
vidole vyote kinywani?
Ni yule wetu wa ndani,
Mdokozi wa nyumbani!

Watu wakifika hapo hucheka. Ambaye hajawahi kucheka ni mmoja tu, naye ni Mdokozi mwenyewe, binti wa mshairi. Sasa ni mwanamke mzima, ana mvi zake na saksofoni yake, na wanamuziki wenzake wanamwita Bosi. Kwingine kote jina ni lile lile. Benki anaitwa Mdokozi. Kliniki anaitwa Mdokozi. Msibani kwa mama yake mzazi, mtu aliyekuja kutoa pole alimshika mkono akamuuliza, huku ametabasamu, kama bado anadokoa.

Basi waandaaji wa sherehe walipomfuata wakamwambia kwamba mzee anatimiza miaka themanini, na kwamba wanataka mashairi yake ya watoto yatungiwe muziki wa jazi, mzee asome na binti apulize, wenzake walidhani atawafukuza. Akakubali. Akatunga la paka, akatunga la mvua, akatunga la kiatu kilichopotea, yote matamu, yote mepesi. La Mdokozi akaliweka mwisho, kama mtu anavyoahirisha kwenda kung'oa jino.

Ili uelewe, lazima nikuambie mashairi yale yalivyotengenezwa. Mzee anapohojiwa hupenda kusema, "Niliyapima kwa wanangu. Lisiloshika kichwani mwa mtoto, nililichana." Walimu hupiga makofi. Ni kweli tupu, ila kuna kitu anakiruka. Jioni, chakula kikiwa kimeshapakuliwa, alitoka chumbani kwake na shairi jipya, akawasimamisha watoto mbele ya meza, akalisoma mara moja. Aliyeweza kulirudia akavuta kiti akala. Aliyekosea akaenda kulala, na sahani yake ikafungiwa kabatini. Ndiyo maana mashairi ya mzee yule hayasahauliki. Yalitungwa mpaka yakamwingia mtoto mwenye njaa.

Kaka mtu alikuwa na kichwa kinachonasa kama gundi, akala kila siku. Binti hakunasa maneno. Alichosikia yeye ni mapigo. Angeweza kukupigia shairi zima kwa makofi, bila kukosea hata pigo moja, na asikumbuke neno. Makofi hayakumpatia sahani. Akajifunza njia ya jikoni gizani, kwenda kukwangua sufuria.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na familia ile iliifanya methali hiyo godoro, ikalala juu yake. Baba hakujua. Mama alilisema hilo mpaka anaingia kaburini: baba yenu hakujua, alidhani nakupa chako baadaye. Kaka analisema mpaka leo. Naye binti alilishika neno hilo kwa mikono miwili, kwa sababu mtu anahitaji kuwa na baba, hata baba mjinga ni afadhali.

Sasa akaketi kulitungia Mdokozi. Akalijaribu kwa kasi, kama linavyoimbwa shuleni, likamtoka kama tangazo la sabuni. Akalipunguza mwendo. Akalipunguza tena, mpaka kila neno likawa na nafasi ya kusimama peke yake. Akafika ubeti wa pili:

Kakwangua na ukoko,
akaulamba na mwiko,
kakumbata mfuniko,
Mdokozi wa nyumbani!

Kwenye mfuniko pumzi ikamkatika. Akarudia. Ikakatika tena. Mstari huo ndio watoto huuchekea kuliko yote, mlafi anayekumbatia mpaka mfuniko. Lakini yeye aliukumbatia kweli. Aliubana kifuani ili usigonge sufuria ukaamsha nyumba. Na hilo hakumwambia mama, hakumwambia kaka, hakumwambia mtu yeyote chini ya jua. Alifanya peke yake, gizani. Sasa shairini liliingiaje?

Akalimaliza kwa mwendo ule ule wa pole, akasubiri siku ya mazoezi. Alitaka kitu kimoja tu, alisikie kwa kinywa cha baba yake: alijua, au hakujua?

Chumba chao cha mazoezi kiko juu ya karakana ya kuziba matairi. Kuta wamezibandika trei za mayai ili sauti isiwakere majirani, ingawa karakana yenyewe inawakera wao kutwa nzima. Besi anapiga mama mmoja wanayemwita Mlingoti, kwa urefu wake. Dramu anapiga kijana mpole sana, ndiyo maana wakamwita Kelele.

Mzee aliingia ameshikwa kiwiko na mwanawe wa kiume.

"Shikamoo, Mzee," Mlingoti akasema.

"Marahaba. Nyie ndio mnaokula kwa kelele?"

"Tukipata, tunakula."

Akacheka, akaketi, kiwiko bado mkononi mwa mwanawe, akasoma. Nisimnyime haki yake: sauti anayo. Alisoma la paka, Kelele akatabasamu. Alisoma la mvua, Mlingoti akafumba macho. Kisha Bosi akanyanyua kidole, besi ikaanza kutembea taratibu, mzee akaingia mbio mbio kama alivyozoea, akawaacha nyuma, akanyamaza.

"Hii nini? Mmefiwa?"

"Ndivyo ulivyoandikwa muziki, Mzee," Mlingoti akasema.

"Shairi nimeandika mimi. Hili ni la kuchekesha."

"Linamchekesha nani, Baba?" binti akauliza.

"Nchi nzima."

"Mimi bado nasubiri kucheka."

Kaka mtu akaanza kukuna shingo. "Jamani, tusianze. Mdogo wangu, ongeza mwendo kidogo tu, tumalize, tumrudishe mzee akapumzike."

"Hajachoka. Baba, soma ubeti wa pili. Fuata besi."

Mzee hakupenda kuamriwa, lakini alipenda zaidi kusikilizwa. Akasoma. Ukoko ukaja, mwiko ukaja, na chini ya maneno Kelele akawa anasugua ngozi ya dramu kwa brashi, kwa sauti ya kitu kinachokwanguliwa. Mzee alipofika kwenye mfuniko, Bosi akanyanyua mkono, wote wakanyamaza.

"Kwa nini aliukumbatia?"

"Ulafi. Mtoto mlafi hukumbatia chochote chenye harufu ya chakula."

"Ni ili usigonge sufuria, msiamke. Nani alikuambia habari za mfuniko?"

"Unanihoji?"

"Nakuhoji. Mama alikuwa amelala. Huyu naye amelala, ameshiba. Nani alikuambia?"

"Mdogo wangu," kaka akaingilia, "mambo haya tulishayazungumza na mama akiwa hai. Baba hakujua. Angejua, unadhani angekubali? Hakujua, basi."

"Nyamaza. Namuuliza yeye."

"Nakuambia hakujua! Mzee wa watu alikuwa anashinda na vitabu vyake, atajuaje nani kala, nani hajala?"

Hapo ndipo mzee alipopandwa na hasira, na hakumgeukia binti. Alimgeukia mtetezi wake.

"Hakujua, hakujua! Mwaka hadi mwaka mnaniimbia hakujua, mama yenu akiwa hai na sasa wewe. Mnanifanya nani, bwege? Mimi, nisijue linalopita ndani ya nyumba yangu?" Akamnyooshea binti fimbo yake. "Nilikuwa mlangoni. Siku ile na siku nyingine. Lile shairi lilikuwa limenikwama, halitembei, maneno mawili matatu yapo lakini limelala kama gogo. Nikatoka kunywa maji, nikausikia mwiko wako. Ulikuwa unakwangua kwa mapigo. Unakwangua, unalamba, unatulia, unakwangua. Nikasimama pale nikahesabu. Mdundo wa Mdokozi ni wako, kama ulikuwa hujui. Sasa nimekuambia."

Chini mtu aligonga rimu ya gurudumu kwa nyundo, akaacha.

"Uliniona nina njaa," binti akasema.

"Nilikuona."

"Na sahani yangu ilikuwa kabatini."

"Ilikuwa kabatini. Ufunguo nilikuwa nao mfukoni."

"Kwa nini hukunipa?"

Mzee alimtazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza jambo ambalo tayari limeandikwa ubaoni.

"Ningekupa, ungeacha kukwangua."

Kaka mtu alikiachia kile kiwiko. Akaondoka pale, akaenda kusimama dirishani, akawapa wote mgongo. Kelele alikuwa anatazama brashi zake kana kwamba zimemchafua mikono.

Binti alimchukia baba yake. Niseme wazi, maana wapo watakaotaka kusikia kwamba alilia, au alisamehe, au kitu fulani moyoni mwake kililegea. Hakuna kilicholegea. Alimchukia waziwazi na kwa akili timamu. Na kibaya zaidi, kulikuwa na kipande kidogo ndani yake kilichofurahi kusikia kwamba mdundo ule ulikuwa wake, na hicho alikichukia kuliko alivyomchukia mzee.

"Toka, Baba."

"Nitoke wapi? Ukumbini siku ya sherehe watu wanakuja kunisikia mimi."

"Watakusikia. Utasoma la paka, la mvua na la kiatu. Hili tutalipiga wenyewe, bila maneno."

"Bila maneno halina kitu! Ni kukwangua sufuria tu."

"Ndiyo. Ni kukwangua sufuria."

Mzee alisubiri mwanawe aje amshike. Mwanawe hakugeuka. Basi akajiinua mwenyewe kwa fimbo, kwa taabu, akiguna kila hatua ili wasikie, wala hakuna aliyesogea. Mlingoti, ambaye kwa kawaida humwachia kiti hata mbuzi, alibaki ameshika besi yake.

Bosi hakusubiri mlango ufungwe. Alinyanyua kidole, besi ikaanza kutembea, brashi zikafuata. Akapuliza. Hakupuliza vizuri, sauti ya kwanza ilitoka imepasuka, lakini aliendelea. Alipita ukokoni, akapita kwenye mwiko. Alipofika kwenye mfuniko pumzi haikukatika. Aliishikilia sauti ile moja, akaibana, akaibana mpaka Mlingoti akaacha kupiga ili aisikie.

Ndipo binti akafumbua macho.

Mzee hakuwa ameondoka. Alikuwa kizingitini, nusu ndani nusu nje, sikio amelitega, fimbo ameibana kwapani. Midomo yake ilikuwa inachezacheza. Kidole gumba chake kilikuwa kinagusa vidole vingine kimoja kimoja, kinarudi, kinaanza tena. Alikuwa anahesabu mizani.

Binti akaishusha saksofoni. Akavuka chumba, akamfungia mlango usoni, akasukuma komeo.