Mmoja Wako, Mmoja Wangu

Mdogo wangu ni fundi cherehani, mkewe ni mwalimu, na wote wawili ni wabishi wa kuzaliwa. Sijui ni nani aliyewadanganya watu wa namna hiyo waoane.

Nina haki ya kusema. Mimi ni dada mtu, nakaa nao nyumba moja, na mchana niko dukani kwa mdogo wangu nikishona vifungo, nikipinda mikunjo ya suruali na kupiga pasi. Kwa hiyo ugomvi wao niliusikia wa nyumbani na wa dukani. Wangegombania pesa ningewaelewa. Wangegombania mwanamke wa nje ningeshika upande, tena kwa raha zangu. Lakini hawa walitoana jasho kwa ajili ya shule.

Walikuwa na mapacha wa kike. Majina yao wanayo, lakini mimi niliwaita Redio na Betri, na nyumba nzima ikafuata. Redio alianza kuongea kabla hajafumbua macho asubuhi. Betri alikuwa na kigugumizi. Neno lilimkwama pale mwanzoni, na jina lake mwenyewe ndilo lililomtesa kuliko yote. Ukimuuliza anaitwa nani, anafumba macho, shingo inakaza, midomo inagonga, basi. Hapo Redio alidakia.

"Shangazi, ma... ma..."

"Maji! Anataka maji, na mimi nataka, na hiki kikombe nani kakivunja mkono?"

Hakuwahi kukosea. Betri akishatoa kile kipande cha kwanza, Redio alikuwa ameshajua kilichobaki, na Betri aliitikia kwa kichwa kwa kuridhika kama mtu aliyesema mwenyewe. Na msidhani mzigo ulikuwa wa mmoja. Umchukue Betri umpeleke dukani peke yake, Redio alibaki nyumbani bubu, anazunguka vyumba akimtafuta.

Baba yao alikuwa na mazoea yake. Akiwashonea nguo, alimpima mmoja tu, yeyote atakayekuwa karibu. Anakunja kitambaa mara mbili, anapitisha mkasi mara moja, yanatoka magauni mawili. "Nipime wawili wa nini?" alikuwa akisema, futi likimning'inia shingoni. "Huo ni mwili mmoja."

Sasa tuje kwenye shule. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akishona sare za shule ya binafsi iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Wanafunzi wa shule hiyo walishushwa na gari la shule kuja kupimwa, sketi za mikunjo, masweta, tai, wanasalimia mmoja mmoja, wanasoma kwa sauti kila kilichoandikwa ukutani. Mdogo wangu aliwapima huku akiwatazama midomo. Mkewe alifundisha shule ya serikali, madarasa ya juu, ambako watoto walikaa wanne wanne kwenye dawati la wawili, na jioni alirudi hana sauti.

"Nimewavika watoto wa wenzangu miaka nenda rudi," mdogo wangu alisema siku moja tukiwa mezani. "Wangu nao nataka kuwavika."

"Wavike. Kwani sare ya serikali ina upupu?"

"Wewe mwenyewe unasema kuna wanafunzi huwajui hata kwa sura. Unataka wanangu wawe kati ya hao?"

"Na mimi nikiwapeleka kwenye mabasi yako, mzazi akija kuniuliza mwanawe anaendeleaje, nimtazame na macho gani? Nimwambie shule hii ni nzuri kwa mwanao ila kwa wangu hapana? Mpishi gani huyo asiyekula chungu chake?"

Kilichoniudhi ni kwamba wote wawili walisema kweli. Huwezi kumgombeza mtu anayesema kweli, na mimi nilikuwa na hamu kubwa ya kugombeza.

Ukitaka kujua hali ya hewa ya nyumba ile, sikiliza wanavyoitana. Pakiwa na amani ni Baba Mapacha na Mama Mapacha. Pakichafuka ni Fundi na Mwalimu. Msimu ule tulikaa na Fundi na Mwalimu mpaka nikawa namtumia salamu Mama Mapacha kwa Mwalimu.

Mdogo wangu akawapeleka watoto kwenye usaili wa shule yake, akisema kujaribu hakuvunji mfupa. Mwalimu wa usaili akauliza majina. Redio akataja lake, akataja la mwenzake, akaongeza na langu. Wakamtoa nje. Betri alipobaki peke yake hakuweza kutoa hata jina. Jibu likaja: huyu mchangamfu tunampokea, yule mwingine akae nyumbani mwaka mmoja achangamke.

Wifi yangu alicheka kicheko kisicho na furaha. "Umeiona shule yako? Inachagua watoto kama nyanya sokoni. Yangu haijawahi kumrudisha mtoto mlangoni."

"Kwa hiyo unataka na huyu aliyepokelewa akose?"

"Mimi? Mchukue. Mmoja wako, mmoja wangu. Mwaka ukiisha tutaona nani alikuwa sahihi."

"Sawa, Mwalimu."

"Sawa, Fundi."

Nikaweka kijiko chini. "Hao ni watoto," nikasema, "si kiwanja cha urithi."

"Wifi, tafadhali," akasema mke wa mdogo wangu, "hili tuachie wenyewe." Na mdogo wangu, ambaye kwa miezi mizima hakuwa amekubaliana naye hata kwenye chumvi, akaitikia kwa kichwa.

Shule zilipofunguliwa, mdogo wangu alitandika vitambaa viwili mezani, rangi mbili, akavikata kimoja kimoja. Asubuhi gari la shule likaja kumchukua Redio. Betri alikuwa ameshika mkanda wa begi la mwenzake na hakujua kwamba alitakiwa kuachia. Mama yake akamfungua vidole. Redio alilia akiwa amebana uso kwenye kioo cha nyuma mpaka gari likakata kona. Betri hakulia. Alisimama pale pale na mkono wake ukiwa bado umekunjwa.

Njiani kwenda shuleni, mama mtu alimpa Betri masharti, na mimi nilikuwa nao kwa sababu nilikwenda kununua uzi. "Shuleni mimi si mama yako, ni mwalimu kama walimu wengine. Usije ofisini, usinifuate darasani. Sitaki mtu aseme mtoto wa mwalimu anapendelewa. Umeelewa?" Betri akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtoto mtiifu, laiti asingekuwa.

Shule ya Redio ilikuwa nzuri, sitasema uongo. Alisoma upesi, akaimba, akajua kunyoosha mkono. Na alifundishwa jambo lingine: kila mtu aseme mwenyewe, tena kwa sentensi kamili, na kumsemea mwenzako ni kumdumaza. Akalileta nyumbani kama zawadi.

"Su... su..." alianza Betri mezani.

Tukasubiri sukari itajwe. Redio alikunja mikono kifuani kama mwalimu wake. "Sema mwenyewe. Sentensi kamili."

Betri alimtazama. Akajaribu tena, akakwama, akamtazama tena, anasubiri, maana maisha yake yote alipofika hapo palikuwa na mtu. Redio alitabasamu tu na kungoja, ametazama pembeni asimharakishe. Hakuwa na ubaya moyoni, jamani, alikuwa mtoto aliyejifunza kitu kipya. Waliostahili kofi ni wakubwa. Baba yake alijaa kifua: "Mmesikia mtoto anavyoongea?" Na wifi yangu, ambaye hakuwa amewahi kuisifu ile shule, siku hiyo akaisifu. "Kwa hilo wana akili," akasema. "Ndivyo tunavyofundishwa chuoni."

Betri akanywa chai yake hivyo hivyo, bila sukari. Haukupita muda akaacha hata kuanza neno. "Ametulia," baba mtu akasema. "Amekua," mama mtu akasema. Walikuwa wamepata kitu cha kukubaliana.

Mwaka ulipokaribia kwisha, rafiki wa mdogo wangu, fundi mwenzake, alikuwa anamwoza binti yake, na mapacha wakatakiwa kushika maua. Mdogo wangu alifurahi. Alinunua kitambaa kimoja, akakikunja mara mbili, akamwita aliyekuwa karibu. Alikuwa Redio. Akampima, akakata mara moja, akashona. Mimi nikatia vifungo.

Siku ya kujaribisha, gauni la Redio lilimkaa kama alizaliwa nalo. La Betri lilimning'inia. Mabega yalishuka kwenye mikono, na mgongoni paliingia ngumi yangu na nafasi ikabaki.

"Mkasi umeteleza," mdogo wangu akasema. Akalivua, akalilaza juu ya lile lingine. Yalilingana mshono kwa mshono. Akatoa futi shingoni, akampima Betri kifua. Akalitazama futi, akampima tena. Kisha akapiga magoti mbele ya mwanawe.

"Mwanangu, huli?"

Betri akafungua mdomo, akafumba.

Wifi yangu aliitwa akaja mbio. Alimvua mtoto gauni, akamwona mbavu, akakaa kwenye kigoda changu. Nyumbani Betri alikula, tulimwona akila. Ila chakula kikubwa cha watoto ni kile cha mchana, na kile kilikuwa shuleni.

Kesho yake wifi akaenda jikoni kwa mpishi wa shule. Pale kuna utaratibu: kwa sababu watoto hujipanga mara mbili wapate sahani ya pili, ukifika dirishani unataja jina lako na darasa lako ndipo sahani inajazwa. Mpishi, mama mwenye adabu zake, alishangaa kuulizwa.

"Mwalimu, si wako yule? Mwanzoni alikuwa anakuja. Anasimama, anafumba macho, hasemi, wenzake nyuma wanapiga kelele. Namwambia, mwanangu, kaa pembeni kidogo ukumbuke. Halafu akaacha kuja. Nikajua anakula na wewe ofisini. Mtoto wa mwalimu, atakosaje chakula?"

Jioni ile wifi alitusimulia akiwa bado na chaki mikononi. "Alikuwa anakaa kwenye kivuli cha tangi la maji," akasema. "Kutoka ofisini namwona. Kila mchana, mimi na sahani yangu, namwona. Nikawa najisemea, mwanangu huyu anakula upesi." Mdogo wangu akamshika mabega, nami nikatoka nje kwa sababu nilitaka kuwatukana na nilitaka kuwakumbatia, na sikujua nianze na lipi.

Niliporudi nilikuta ubishi umeanza tena, ila safari hii wamebadilishana upande.

"Redio ahamie kwako," mdogo wangu alikuwa akisema. "Shule yangu ilimkataa mwanangu mlangoni. Sitaki tena hata kuishonea."

"Hapana, Betri aende kwako. Kwangu amekaa na njaa mbele ya macho yangu."

"Mama Mapacha..."

"Baba Mapacha, nisikilize..."

Walimalizana bila mshindi. Wakakubaliana kwamba shule yoyote itafaa, ya serikali, ya binafsi, hata ya chini ya turubai, mradi watoto wawe pamoja, darasa moja, dawati moja. Nilimshukuru Mungu. Nilifikiri yamekwisha.

Wakawaita watoto sebuleni, wakawakalisha kwenye kochi. Mdogo wangu akawaeleza kwamba mwaka ujao hawatatengana tena. Redio aliruka akapiga makofi. Betri alikaa na mikono mapajani.

"Na wewe, mama?" wifi akamuuliza kwa sauti ya chini. "Unasemaje?"

Betri akafumba macho. Shingo ikakaza. "Si... si..."

Redio hakuweza kuvumilia. Mwaka mzima wa sentensi kamili ukamtoka kichwani, akamgeukia mwenzake uso unawaka. "Siamini! Anasema haamini, amefurahi! Eti?"

Betri akatikisa kichwa kukataa.

"Si... si..."

"Siendi bila wewe! Eti? Eti hiyo?"

Akatikisa tena. Redio akabaki mdomo wazi, anatafuta neno jingine, na nilimwona akiogopa, kwa sababu hakuwahi kukosea hata mara moja, na sasa amekosea mara mbili. Betri alijikaza, akajikaza, mpaka jasho likamtoka juu ya mdomo, na mtu hakumsaidia.

"Si... sitaki kukaa naye," akasema.

Kisha akatazama chini, kwa sababu mwenzake alikuwa ameanza kulia, na yeye alikuwa bado hajamaliza kusema.

"A... a... anaona ha... haya," akasema, "nikiongea."