Bolti Iliyobaki Kwenye Kadibodi

Shemeji yangu alikuja kibarazani kwangu Jumamosi saa tatu asubuhi, kwapani amebana kitu alichokifunga gazeti. Tangu tumzike mume wangu, mwaka wa tatu huo, hakuwahi kukanyaga pale. Nikajua ni shida imemleta. Salamu ingekuja mikono mitupu.

"Hodi, shemeji. Habari za siku nyingi?"

"Za siku nyingi unazo wewe. Keti."

Hakuketi. Alifungua gazeti, akanionyesha kava la taimingi, lile gamba jeusi la plastiki linalofunika mkanda wa injini. Asiyejua hulidharau. Lakini kipande chake kikidondokea ndani, kinajichomeka kati ya mkanda na meno yanayouzungusha, mkanda unakatika, na injini nzima inakufa palepale. Hili lilikuwa limepasuka kutoka tundu la bolti la chini mpaka ukingoni, na kipande cha ukubwa wa kidole gumba kilikuwa kinaning'inia.

"La nani?"

Akajikuna shingo. "La Mkunga."

Nikaweka chini kichomeo changu cha kuyeyushia plastiki.

Miaka mitatu nyuma injini ya gari la Mkunga ilikufa barabarani akiwa anakimbilia kwa mzazi. Siku chache kabla ya hapo gari lilikuwa kwenye gereji ya mume wangu, likibadilishwa mkanda. Walipoifungua injini walikuta kipande cha kava ndani. Wakati huo mume wangu alikuwa kitandani, mapafu yamejaa, kusema hawezi. Hakuamka tena. Msibani, watu wamejaa mpaka uani, huyu shemeji, mdogo wake wa tumbo moja, alisimama akasema, "Kaka alikuwa mtu mwema, lakini tuseme ukweli, mkono wake ulishalegea. Aliifunga injini ya Mkunga ndipo akaanguka. Ameiua yeye."

Kwa maneno hayo familia, mama mkwe akiwa mbele, ikampa gereji, eti jina la ukoo lisizidi kuharibika. Mimi nikabaki na kibaraza, kichomeo cha umeme, na kazi aliyonifundisha marehemu ya kushona plastiki: mabeseni, viti, bampa za magari. Mkunga akawa haitikii salamu yangu. Nikikaa kwenye benchi lake kwenye ibada, anahama.

Niliendelea kushona plastiki zangu. Ila kila asubuhi nikisali nilimtaja shemeji kwa jina lake kamili, na sikuwa namwombea heri.

"Nani alilifunga hili?" nikamuuliza.

"Mimi, mwezi uliopita. Plastiki za siku hizi, shemeji, ni karatasi tupu! Jipya nimetafuta mji mzima, hakuna. Na Mkunga anakuja saa nane. Nishonee, nami nitajua cha kukufanyia."

"Ulishajua cha kunifanyia."

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Shemeji bwana! Hujaacha maneno yako."

"Liache hapo. Nitalileta gereji mwenyewe."

"Aa, usijisumbue, nitamtuma mtu..."

"Nitalileta mwenyewe, au libebe na gazeti lake."

Akaliacha.

Nilianza kwa kutoboa tobo dogo kwenye mwisho wa ufa, ili ufa ukifika hapo ukome. Nikatandika wavu mwembamba wa chuma, nikauzamisha taratibu kwa kichomeo, juu yake nikayeyusha vipande vya kava kuukuu. Plastiki hushikana na ya aina yake tu. Ukiweka ya beseni, inabanduka kama kigaga. Upande wa nje ni wa macho. Kazi iko upande wa ndani, maana ncha ya waya ikibaki huko, hata iwe nyembamba kama unywele, itaukwaruza mkanda siku baada ya siku mpaka uachie.

Nitasema kweli, kwa kuwa Mungu aliniona. Niliacha ncha moja.

Nikaitazama. Wiki tatu, nikajiambia, nne zikizidi, na safari hii hakuna maiti wa kusingizia. Wazo hilo nilikaa nalo mdomoni kama pipi. Halafu nikamwona Mkunga kwa akili yangu, anavyokimbiza gari akiitwa, na mwanamke amelala mahali anamsubiri. Nikaikata ile ncha. Nikapiga msasa mpaka pakawa laini kama kikombe. Sikumwonea shemeji huruma. Huruma yangu ilikuwa ya wengine.

Ni huo msasa ulionifumbua macho. Bolti ikibana vizuri, kichwa chake huacha alama ya duara kwenye plastiki. Matundu yote yalikuwa nayo, isipokuwa la chini. Lile lilikuwa limelika, limetanuka kama tundu la kifungo cha shati kuukuu. Kava lilikuwa linacheza pale.

Marehemu alikuwa na mtindo wake. Kila alipofungua kava alilichora kwenye kadibodi, akatoboa matundu, na kila bolti akaichomeka mahali ilipotoka. Bolti za kava hazilingani. Ya chini ni fupi, kwa sababu tundu lake kwenye injini halipenyi upande wa pili. Ukiweka ndefu, inagota mwisho kabla haijabana. Mkono unadhani imekaza, kumbe kava linatikisika, na kava linalotikisika hupasuka. Shemeji alikuwa akimcheka sana: "Kaka, hayo ni mambo ya chekechea! Bolti ni bolti." Yeye zake zote alizimwaga kwenye kopo la rangi. Ndiyo maana anaitwa Chapuchapu.

Nikaenda chumbani. Juu ya kitanda, kwenye msumari, ilikuwepo kadibodi ya mwisho ya mume wangu. Niliichukua siku waliyonitoa gereji, iwe kumbukumbu ya mkono wake. Imeandikwa kwa penseli: *Mkunga*. Matundu yote matupu, isipokuwa moja la chini, na humo imeng'ang'ania bolti fupi. Miaka mitatu naipangusa vumbi, nikidhani ni ya akiba.

Nikaishusha, nikakaa nayo kitandani. Marehemu aliifungua injini ile, basi. Aliyeifunga ni yule aliyezikwanyua bolti kwenye kadibodi na kuzitupa kwenye kopo, na hii moja ikamkatalia.

Nilijitanda mtandio wangu wa ibada. Kava nikalitia kwenye kikapu, kadibodi chini yake, bolti nikaifumba mkononi.

Mkunga alikuwa ameshafika, ameketi juu ya tairi, mkoba magotini. Fundi wa breki, mzee aliyefanya kazi na mume wangu tangu ujana, aliponiona akaacha nyundo.

"Haa, mke wa kaka! Leo gereji imepata mwenyewe!"

Shemeji akamkata jicho. Mkunga akatazama ukuta. "Limekwisha?" akauuliza huo ukuta. "Nina mzazi ananisubiri."

"Limekwisha, mama. Shemeji, lifunge."

"We nenda tu, nitalifunga."

"Nimelishona mimi, nataka nione linavyokaa. Au mkono unatetemeka ukitazamwa?"

"Funga, Chapuchapu!" Fundi wa breki akapiga kofi. "Tuone hiyo spidi!"

Akatia mkono kwenye kopo, akachagua bolti kama mtu anayechota karanga. Spana ikazunguka, moja baada ya nyingine. Ile ya chini ikazunguka kidogo ikagota.

"Haya. Imekaza kama dini."

"Mama," nikamwita Mkunga, "njoo ushike hapa chini, utikise."

"Mimi tena?"

"Umeshika vichwa vya watoto mji mzima, plastiki itakushinda?"

Akaja, shingo upande, akatikisa. Kava likalia ka-ka-ka.

"Linacheza," akasema.

"Na lile la kwanza lilicheza hivyohivyo." Nikatoa kadibodi, nikampa fundi wa breki. "Mwandiko wa nani?"

Akaisogeza mbali na macho. "Wa marehemu huu. Na penseli yake ileile butu."

Nikafumbua kiganja, nikaichomeka bolti fupi kwenye tundu lake wakiona, nikaichomoa, nikafumba tena. "Hii ilibaki hapa, mama. Haikuwahi kurudi kwenye injini yako. Mume wangu hakufunga injini na kadibodi ina bolti, hata siku moja. Shemeji, za kopo lako hazitabana hapo hata ukeshe. Itakayobana ni hii. Ukiitaka, sema nani aliifunga injini ile."

"Shemeji," akanong'ona, "haya ni mambo ya ndani. Ya familia."

"Msibani ulisema mpaka uani wakasikia. Hapa tuko wanne tu, nimekusitiri."

Akaliparamia kopo. Akachakura, akaona anachelewa, akalimwaga lote chini, akapiga magoti kwenye oili. Ndefu, ndefu, nene, iliyopinda. Nilisimama juu yake.

"Tafuta, shemeji. Tafuta vizuri, wewe si una haraka?"

Ilikuwa tamu. Siwezi kusema haikuwa tamu.

"Fundi," Mkunga akamwambia shemeji, sauti ya mtu aliyezoea kutiiwa, "sasa nakuuliza mimi. Nani?"

"Mimi."

"Sijasikia," nikasema.

"Mimi! Kaka walishampeleka nyumbani. Nilikuwa na magari matatu yananingoja, nikafunga haraka, basi!"

Fundi wa breki akavua kofia. Mkunga alimtazama shemeji mpaka akainamisha kichwa. "Mwaka wa tatu huu namhama mke wa mtu benchini," akasema. "Kwa haraka yako."

Bolti sikumpa mkononi. Niliidondosha miguuni pake, akaiokota. Ilipokaza, Mkunga akatikisa kava kwa mikono miwili. Kimya.

"Panda gari," akamwambia.

"Kwenda wapi, na oili hii?"

"Kwa mama yako. Uyaseme haya haya, nikiwa nimekaa hapo. Halafu niwahi kwa mzazi wangu."

Wakaondoka, shemeji kiti cha nyuma kama mtoto aliyekojoa. Nikaitundika kadibodi kwenye msumari wa zamani wa mume wangu, karibu na mlango. Sikuomba ruhusa.

"Sasa roho imetulia, mke wa kaka?" fundi wa breki akaniuliza. "Umemsamehe?"

"Nisaidie kuziokota hizi bolti," nikamwambia. "Tunaanza kuzipanga."

Ibada iliyofuata Mkunga alikuja kwenye benchi langu, akanisogelea mpaka mabega yakagusana. Ilipofika zamu ya kuwaombea waliotukosea, wote tukainama. Nikamtaja shemeji kwa jina lake kamili, kama kawaida. Nikangoja ile heri itoke mdomoni. Haikutoka. Nikasema amina pamoja na wenzangu, nikaketi.