Mbio za Igoma Zilizosubiri Mvua

Jumamosi moja ya Machi, mwaka 1995, Luhaga alimuaga mkewe akisema anakwenda Nansio kutengeneza mashine ya kusaga ya mtu mmoja. Luhaga alikuwa fundi wa mashine hizo na kazi za visiwani alikuwa nazo mara kwa mara, kwa hiyo habari yenyewe haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye mavazi. Alikuwa amevaa suruali nzito ya jinzi na buti zinazokaribia magoti, kana kwamba meli ya Nansio huwashwa na abiria kwa kupiga kiki.

Suzana, mkewe, aliyaona mavazi hayo. Alimfungia viazi vitamu vya kula njiani, kisha akaenda zake Makoroboi, alikokuwa na cherehani kwenye baraza la duka la vitambaa.

Ukweli ni kwamba Luhaga alikuwa anakwenda Igoma, kwenye mashindano ya pikipiki. Mwaka uliotangulia alianguka katika mashindano kama hayo kule Kisesa, akavunjika mfupa wa bega, na kwa majuma mengi Suzana akawa anamlisha uji kwa kijiko kama mtoto anayeota meno. Bega lilipopona, Luhaga aliapa mbele ya mama mkwe wake kwamba hatapanda tena pikipiki ya mashindano. Mama mkwe alimwamini. Suzana alimwambia mama yake asubiri kwanza.

Miaka hiyo kila kitu kilikuwa kimefunguliwa. Mitumba ilijaa mitaani, pikipiki za Kijapani zilizotumika ziliingia kwa makontena, na watu binafsi waliruhusiwa kuanzisha redio. Mwanza tukapata Redio Ghuba, yenye chumba kimoja, antena moja na meneja mmoja aliyeitwa Kahigwa, ambaye alipenda ratiba yake kuliko alivyopenda chakula cha mchana. Mashindano ya Igoma yangekuwa ya kwanza kutangazwa moja kwa moja. Kiwanda kidogo cha sabuni ya kufulia kilidhamini kipindi, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi. Saa kumi kamili yalikuwa matangazo ya vifo, na hakuna aliyethubutu kuyasogeza, maana wapo watu waliokuwa na redio kwa ajili ya matangazo hayo tu.

Mvua haikuwa imepewa nakala ya ratiba. Saa nane na nusu ilitokea upande wa mashariki, nyeusi, ikaivamia Igoma yote. Waendeshaji wote wakasukuma pikipiki zao ndani ya ghala la zamani la pamba, ambalo njia ya mbio ilikuwa inalizunguka. Nje, udongo mweusi wa njia ukageuka kuwa kitu kama gundi.

"Saa tisa tunaanza," alisema Mzee Deodatus. Huyu alikuwa mwenyekiti wa chama cha waendesha pikipiki, Mhaya mpole aliyefanya kazi ya bima maisha yake yote, na yeye mwenyewe alitembelea baiskeli. "Mdhamini amelipia mbio. Hajalipia watu waliojificha ghalani."

"Mzee, hata ng'ombe wamekimbia," alijibu Rachel, mtangazaji. Alikuwa ameunganisha maikrofoni yake na simu ya ofisi ya ghala, na masikioni alikuwa na sauti ya Kahigwa ikimkumbusha kila baada ya muda kwamba saa kumi ni vifo.

Saa tisa ilipofika, hewani akaingia Rachel, na mbio hazikuwapo. Alisifia sabuni. Alisimulia mvua. Alisimulia bati linavyolia kwa mvua. Alipogundua amekwisha kusimulia bati mara mbili, akawageukia waendeshaji na kuanza kuwahoji mmoja mmoja.

Ndipo akamfikia Luhaga, ambaye hakuwa amewaza kabisa kwamba siku hiyo kuna mtu atakayetaka kusikia sauti yake. Alivyopanga, mashindano yangeanza kwa wakati, angekimbia, angerudi mjini na kusema mashine imepona.

"Jina lako nani?"

"Radi," alisema Luhaga, akiikandamiza sauti hadi ikawa kama inatoka ndani ya mtungi.

"Na jina ulilopewa na wazazi?"

"Radi inatosha, kwa kweli kabisa, hakika."

"Huogopi kukimbia kwenye mvua hii?"

"Mwenye jina la Radi aogope mvua? Kwa kweli kabisa, hakika, sisi ni ndu—"

Radi yenyewe ikapiga juu ya kilima cha mawe nyuma ya ghala. Waliokuwa wanasikiliza walisikia mlio, kisha sauti nyembamba ya mtu mzima ikisema, "Mama wee!" Luhaga alikuwa amejificha nyuma ya Rachel.

Makoroboi kulikuwa bado kukavu. Suzana alikuwa anakata gauni la mteja huku redio ya duka ikisema. Lile "kwa kweli kabisa, hakika" la kwanza lilimsimamisha mkasi. La pili alilisikiliza ameinamisha kichwa. Na ile "Mama wee" ilimaliza mashaka, maana aliwahi kuisikia usiku mmoja panya alipopita kitandani.

"Shangazi, nisubiri," alimwambia mteja, akavaa viatu. Pikapu ya kupeleka mikate Igoma ilikuwa inawasha injini mbele ya duka la jirani. Suzana alipanda bila kuuliza nauli, akakaa kando ya dereva. Kadiri walivyoikaribia Igoma ndivyo mvua ilivyozidi, naye akaona mbele yake bega lile lile, mfupa ule ule.

Suzana alipoingia ghalani, kanga ikiwa imemganda mwilini, Luhaga alimwona kabla hajaonwa. Alivaa helmeti haraka, akashusha kioo, akasimama wima kando ya pikipiki yake kama mtu anayepigwa picha. Ndani ya ghala lile lenye giza, alikuwa peke yake aliyevaa helmeti.

Rachel alikuwa amebakiwa na robo saa na hana tena wa kumhoji. Kumwona mwanamke aliyelowa vile ilikuwa kama kuletewa chakula.

"Karibu dada. Tuko hewani. Umekuja kumshangilia nani?"

Suzana alitazama ile helmeti. Hasira aliyoipakia kwenye pikapu ilikuwa tayari mdomoni, lakini alipomwona amesimama vile, miguu imejibana, kitu kingine kikatangulia.

"Sijaja kumshangilia mtu," alisema kwa sauti ya kuliongoza kanisa. "Mimi mume wangu yuko Nansio, anatengeneza mashine. Ila nilimsikia huyu kaka Radi redioni, nikaona sauti zimefanana. Nikasema nije nimtazame. Shikamoo, kaka Radi."

Ndani ya helmeti ule mtungi ukaitikia:

"Marahaba."

Ghala zima likaangua kicheko. Mzee Deodatus peke yake hakucheka, alikuwa anatazama saa.

"Una mke, kaka Radi?" Suzana aliuliza, na Rachel, ambaye alijua kazi yake, akamwachia maikrofoni.

"Ninaye."

"Anajua kama uko hapa?"

Mvua ililia juu ya bati. "Nadhani," sauti ilisema polepole, "nadhani ameanza kujua, kwa kweli kabisa, hakika."

"Basi msalimie. Mwambie mwaka huu asihangaike kukupikia uji, utakunywa kwa mama yako."

Ikawa saa kumi, na Kahigwa akawakata bila huruma. Redioni ukasikika wimbo wa taratibu, halafu majina ya marehemu.

Mvua ilikuwa imepungua, lakini haikuwa imekatika. Mzee Deodatus alikunjua mwavuli, akatoka, akarudi viatu vimekuwa vizito kama matofali. "Tuwaachie waende tu," alisema. "Wakikimbia sasa, nitamwambia mdhamini angalau mbio zilifanyika siku yake."

Sasa Suzana hakuwa anatania. "Mzee, wewe ni mtu wa bima. Mtu akienda kwa makusudi kwenye utelezi ule akavunjika, bima ingemlipa?"

Mzee Deodatus alifikiri kwa uaminifu wa mtu aliyeulizwa swali la kazi yake. "Isingemlipa," alikiri. "Ningeikataa mimi mwenyewe."

"Basi tungoje ardhi ikauke kidogo," alisema Rachel. "Mimi ninacho kinasa sauti. Nitarekodi kwenye kanda, redio itarusha baadaye."

"Mbio za kwenye kanda ni kama chai ya jana. Na mdhamini atasemaje akiwaona vijana wamejaa matope?"

"Mzee, mdhamini anauza sabuni. Matope yamemkosea nini?"

Hilo Mzee Deodatus hakuwa ameliona. Rachel hakumsubiri amalize kulitafakari, akampigia Kahigwa simu. Kahigwa alikuwa mkali: mbio ambazo mshindi wake atakuwa ameshajulikana mjini, nani atakaa kuzisikiliza?

"Meneja, hakuna anayemuulizia mshindi. Watu wanataka kujua kama kaka Radi ndiye mume wa yule dada."

Upande wa pili zikasikika karatasi za ratiba zikifunuliwa.

"Nimepigiwa na watu sita," alisema Kahigwa. "Na mke wangu pia kaniuliza. Saa moja na nusu, baada ya taarifa ya habari. Msichelewe kuleta hiyo kanda."

Jua lilitoka, mvuke ukapanda kutoka ardhini, na Mzee Deodatus akazunguka akichomachoma njia kwa ncha ya mwavuli hadi akaridhika. Mbio zikaanza. Kabla ya kumaliza mzunguko wa kwanza, waendeshaji wote walikuwa rangi moja na namba zao hazisomeki. Rachel akachanganyikiwa. Suzana, ambaye macho yake yalizoea nguo, akashika maikrofoni kumsaidia.

"Anayeongoza ni yule mwenye kiraka gotini, kimeshonwa vibaya. Nyuma yake shati la mikono mifupi. Halafu anakuja yule kaka Radi. Anakata kona kama anaogopa kuvunja mayai. Vizuri, kaka, endelea kuogopa. Mume wangu angekuwepo, angekuwa ameshajigonga."

Watu waliomzunguka walicheka, naye akaendelea, na kadiri mizunguko ilivyopita ndivyo maneno yalivyomtoka kwa urahisi. Karibu aanze kufurahi. Kwenye kona ya chini ya kilima, gurudumu la nyuma la kaka Radi likatangulia mbele ya lile la mbele. Pikipiki ikaenda upande wake, yeye akaenda wa kwake, akateleza kwa mgongo hadi mtaroni.

"Baba Odeta!"

Jina la mtoto wao wa kwanza lilitoka kwa ukelele ulioifanya mishale ya kinasa sauti iruke. Mtaroni kitu cha matope kikainuka, kikavua helmeti.

"Nimepona! Mama Odeta, nimepona mimi!" Sauti ilikuwa yake mwenyewe, haina mtungi.

Suzana alirudisha maikrofoni, akakaa juu ya gunia tupu. Luhaga hakufuata pikipiki. Alikuja mbio, akachuchumaa mbele yake huku akichuruzika maji machafu.

"Nilijua utanikatalia," alisema.

"Ningekukatalia. Ungeniomba tena, ningekukatalia tena. Mwisho ningekuja kukutazama, nikae hapa hapa nikiogopa. Lakini ningekuwa naogopa mahali pa kweli. Leo ungeumia, mimi ningekuwa nimekaa bandarini nangoja meli."

Luhaga alifungua mdomo. Ile "kwa kweli kabisa" ilionekana inakuja, ikarudi. Akasema tu, "Nisamehe."

"Nenda kamalize," alisema Suzana, akimfuta tope machoni kwa ncha ya kanga. "Watu wanatutazama. Na uende polepole."

Alikwenda polepole hasa. Alimaliza wa mwisho, huku waliotangulia wameshaanza kunywa soda, na alishangiliwa kuliko aliyeshinda.

Saa moja na nusu jioni hiyo, mitaa mingi ya Mwanza ilikuwa na sauti moja. Majirani walijaa uani kwa Luhaga na Suzana kusikiliza. Ilipofika ile kona, watu waliisogelea redio, na ukelele ulipotoka, mwanamke mmoja akasema taratibu, "Kumbe ndiye." Wenye sabuni nao walifurahi, wakaomba kipindi kirudiwe Jumanne.

Tangu hapo chama kikawa na utaratibu mpya. Mvua ikinyesha, mbio husubiri ardhi. Ardhi ikikataa, mbio huhamia Jumapili. Na redio hurekodi chochote kitakachotokea. Mzee Deodatus aliueleza utaratibu huo kila mahali kama mtu aliyeubuni kwa miaka mingi ya utafiti, na hakuna aliyemkatiza.

Nyumbani mambo yalichukua muda zaidi. Kwa siku kadhaa Suzana alimwita mumewe "kaka Radi" mezani, mbele ya watoto, na Luhaga aliitika. Kisha asubuhi moja, akiwa anashona kifungo, Suzana akauliza klachi ni ipi. Luhaga alidhani anataniwa. Hakuwa anataniwa.

Jumapili baada ya misa walikwenda Nyegezi, mahali ambapo ufuko ni mpana na mchanga umeshikana. Luhaga alimweleza klachi, akamweleza gia, akakimbia kando yake ameshika kiti. Mara ya tatu kiti kikamponyoka. Suzana alikwenda peke yake kando ya maji, mgongo umenyooka, kanga imefungwa kiunoni juu ya suruali ya mumewe, huku Luhaga akimkimbilia nyuma na kupiga kelele za breki. Alipofika kwenye mawe ya mwisho alipunguza mwendo, akageuza bila kuweka mguu chini, akaanza kurudi. Kugeuza, Luhaga hakuwa amemfundisha bado.